Pazia Lenye Kona ya Baba

6 Januari

Mdogo wangu,

Barua hii ikukute mzima, na ikikukuta umelala ikuamshe. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne yamepata joto na anaanza kuzunguka nyumba akitafuta wa kumlaumu. Kwa kuwa tuko wawili tu humu ndani, unajua anayepatikana ni nani.

Barua yako ya mwisho anailalia chini ya mto. Nilimwambia siku hizi watu wanapigiana simu, akaniuliza simu ikishakatwa mtu anabaki na nini mkononi. Basi endelea kuandika. Ila ujue namsomea kila neno kwa sauti, mara mbili. Ukiwa na la kwangu peke yangu, liweke kwenye karatasi ya pembeni.

Kazini wamenihamishia dirishani. Kiti kipya, macho yale yale. Tuko wanne chumbani, kila mtu na skrini yake. Gari likipita kasi kamera inalipiga picha, sisi tunasoma kibao cha namba na kukiandika, na mwenye gari anapata barua ya faini. Kibao kisiposomeka tunabonyeza kitufe cha "haisomeki", picha inakaa siku tisini, halafu inafutika yenyewe. Nimefanya hivi miaka sita na bado watu wananishangaza. Mmoja anapaka kibao dawa ya kung'aa ili mwanga wa kamera umrudie mwenyewe. Mwingine ana kidude kinacholia akikaribia rada. Anatupita mpole kama bwana harusi, halafu anakanyaga mafuta tena. Ila kilichotuzidi kimeanza Novemba. Ni kitambaa cheusi kinachoshuka juu ya kibao kama pazia dereva akibonyeza kitufe, na akishapita kinajikunja. Msimamizi wetu amesema siku akimpata fundi wa mapazia hayo atamfunika nalo uso.

Uliniuliza kamera za huku zinapiga mbele au nyuma. Nyingi zinapiga nyuma. Ile ya kivuko cha karibu na kwetu, pale Mama anapovukia kwenda dukani, inapiga mbele, na ndiyo mpya kuliko zote. Inasoma hata kibao chenye matope. Anayetaka kujua kama amejificha kweli, akajifiche pale.

Mama anasema miaka mitatu bila kuja si safari tena, ni hasira. Una hasira na nani?

Dada yako


29 Januari

Mama yangu mzazi, na Dada mwenye macho,

Shikamoo Mama. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na ndevu nanyoa, kwa hiyo usimwamuru Dada aniulize. Pole kwa magoti. Mwambie Dada akupashie maji ya chumvi, na akisema amechoka mkumbushe nani alimbeba mgongoni mpaka akajua kukimbia.

Gereji inakwenda. Mafundi wa injini wananidharau kwa sababu sichafuki, lakini gari likizimika na hawajui kwa nini, wananiita. Jana mzee mmoja aliniletea gari akidai lina pepo, taa zinawaka zenyewe. Pepo alikuwa panya aliyekula waya. Mzee alikasirika kidogo, nadhani alikuwa amewaambia watu wengi habari za pepo.

Mama utafurahi kusikia kwamba cherehani ya Baba inafanya kazi. Niliifungua, nikaisafisha, nikaibadilishia mkanda. Nashonea vitambaa vya viti vya magari. Na kona zote namalizia kama Baba: kunja mara mbili, mishono mitatu, na wa nne wa kukatiza. Wateja hawaoni tofauti, lakini mimi sijui kuacha. Mkono unakwenda wenyewe.

Mwanao

Karatasi ya Dada: Sina hasira na mtu. Sina nafasi. Vidude vinavyolia navifunga, ndiyo. Nisipofunga mimi, wa jirani atafunga, tena vibaya. Habari ya mapazia nimeisoma na kucheka. Asante kwa maelezo ya kamera. Mama akiuliza lini nakuja, mwambie karibuni sana.


16 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitazifupisha. Simu yako inaita mpaka inachoka. Tangu Jumanne nimepiga mara ishirini na moja.

Mama amegongwa na gari. Yuko hospitali. Nyonga imevunjika na mguu wa kulia umevunjika sehemu mbili, na daktari, ambaye ni kijana mwenye huruma na hajui kuificha, ameniambia nisitegemee kwamba atatembea. Gari halikusimama.

Ilikuwa tarehe kumi na moja, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, pale kivukoni. Nina uhakika wa dakika kwa sababu picha ilishuka kwenye skrini yangu mimi. Nilianza na kibao kama nilivyozoea. Kitambaa cheusi. Nikasonya, nikaweka kidole kwenye kitufe cha "haisomeki", na nilikuwa nakaribia kubonyeza ndipo nikaona pembeni mkoba wa kijani. Mkoba ule niliununua mimi. Mama amesimama hatua mbili ndani ya barabara, ameinua mkono kama mtu anayesimamisha gari. Kwenye kioo cha mbele cha gari hakuna uso, kuna anga tu.

Msimamizi alisema nisiishike picha hiyo kwa kuwa ni ya mama yangu. Kesho yake akanirudishia kwa kuwa wenzangu wote walishindwa. Polisi hawana shahidi, hawana kitu kingine. Picha itafutika tarehe tisa Juni kama zote, na ikifutika jalada linafungwa.

Mama anasema alikuwa anaenda kununua chumvi. Nimefika nyumbani nikakuta kopo la chumvi limejaa hadi juu. Na alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Nimemuuliza, amefumba macho akasema amechoka.

Njoo. Sikuandikii kukuomba.

Dada


4 Aprili

Mama yangu,

Pole. Pole sana. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuchana. Simu yangu iliingia maji, ndiyo sababu Dada hakunipata. Kila siku nakuombea. Mungu ni mkubwa, mifupa huunga, na wewe una roho ngumu. Uliwahi kubishana na Baba siku nne mfululizo na yeye ndiye aliyeomba maji.

Ningekuwa nimefika, lakini gereji tunahamishwa, vifaa viko nje, nikiondoka vitaibwa. Nimekushonea mto wa kuweka chini ya nyonga. Ndani ni sponji ya kiti cha gari, nzuri, haishuki. Nimeushona kwa cherehani ya Baba, usiku na mchana, ili uuone mkono wangu hata kama mimi mwenyewe hunioni. Dada akuwekee upande wenye kitambaa laini juu.

Nakuja. Nipe muda kidogo tu.

Mwanao


22 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii Mama hajui kama naiandika. Tumemrudisha nyumbani. Analala chumba cha mbele ili aone dirisha, na ili kumgeuza tunahitaji kuwa watu wawili. Mimi niko mmoja, kwa hiyo jirani hunisaidia asubuhi kabla hajaenda kazini kwake. Mto wako umefika. Mama ameukumbatia kwanza, ndipo akakubali niuweke chini.

Nilipokuwa nauweka niliona kona. Kunja mara mbili, mishono mitatu, wa nne wa kukatiza. Nikatabasamu, nakwambia kweli, nikasema heri kuna kitu Baba amekiacha. Nikaenda kazini. Saa tano hivi nikafungua tena ile picha, sijui kwa nini, na badala ya kutafuta namba nikakikuza kile kitambaa. Nilikuza mpaka skrini nzima ikawa kona moja ya chini.

Nilienda msalani nikakaa huko mpaka wakanigongea mlango.

Ni kitambaa cha mwavuli, sivyo? Chepesi, hakilowi, kinakunjika vizuri. Wewe ulikuwa hodari wa kuchagua kitambaa tangu mdogo, ndiyo maana Baba alikuachia wewe cherehani na mimi akaniachia mkasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekitafuta kwenye skrini wiki sita.

Sasa nisikilize. Sitaki kujua umeshona mangapi. Nataka mteja mmoja. Mtu wa gari hili, aliyepita kivuko hiki, kwa sababu wewe lazima unamjua. Kitu cha namna hii hakinunuliwi dukani, mtu analeta gari lake kwako na unalala chini yake. Nipe namba ya kibao. Niiandike mimi, kwa mkono wangu, kabla ya tarehe tisa Juni.

Na jambo moja linaninyima usingizi. Nilipokuandikia kwamba Mama amegongwa, uliandika kurasa mbili za pole. Hukuuliza gari lilikuwa la rangi gani. Hukuuliza lilikuwa la aina gani. Kila mtu aliyekuja hapa, hata mwuza mkaa, ameuliza hilo kwanza.

Dada


13 Mei

Dada,

Nimepokea barua yako na imeniumiza. Una uchungu, nakuelewa, lakini usitafute mchawi ndani ya nyumba. Kona ni kona. Mafundi wa kushona wako wengi na Baba hakuzaliwa nayo, naye alifundishwa na mtu. Picha ukiikuza sana utaona chochote unachotaka kuona. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia hivyo.

Kama ningejua jambo ningesema. Msalimie Mama. Bado nahama gereji.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Mto nao umetoka kwenye gereji hiyo hiyo unayohama tangu Aprili.

Ule wa nne wa kukatiza hakufundishwa na mtu. Baba aliuanza mwaka ule alipokatika kidole cha shahada, kwa sababu uzi ulikuwa ukimponyoka mwishoni. Duniani tunaoshona hivyo tulikuwa watatu. Mmoja tumemzika, na mwingine anakuandikia.

Zimebaki siku ishirini na tatu.

Dada


2 Juni

Dada yangu,

Usimsomee Mama barua hii.

Pazia ni langu. Nimeshona kumi na nne. La kwanza lilikuwa mchezo, mteja mmoja aliniambia haiwezekani, nawe unanijua nikiambiwa haiwezekani. La pili nikalipwa. Baada ya hapo waliokuja hawakuwa wanauliza kama inawezekana.

Mteja wa gari lile ni mkandarasi wa majengo, ana safari nyingi na haraka nyingi. Alisema hatachukua pazia mpaka aone limeishinda kamera ya kweli, tena iliyo kali. Nikamwambia naijua moja. Ndiyo, Dada. Maneno yako. Nilikuwa nayo mfukoni kama ramani.

Niliona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja. Tujaribu pazia, kisha anishushe kwenu, nikae na Mama mpaka jioni. Siku moja kabla nilimpigia Mama. Nilimwambia nitapita saa nne, na nikamwomba asikuambie. Nilisema nataka kukushtukiza. Ukweli ni kwamba ungeuliza gari ni la nani.

Kwa hiyo hakuenda kununua chumvi. Alitoka kunipokea.

Aliendesha Mkandarasi. Ili kamera ipige ilibidi twende kasi, na yeye hakuhitaji kubembelezwa. Mimi nilikaa kushoto kwake nimeshika kitufe. Niliweka taa ndogo ya kijani, inawaka pazia likishashuka sawasawa. Nilibonyeza, nikainama kuiangalia taa. Iliwaka. Dada, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa bado naiangalia ile taa tulipogonga. Mkandarasi akasema ni mbwa. Nikaangalia kioo cha pembeni, nikaona mkoba wa kijani umelala barabarani.

Sikusema simama. Nilikuwa na mdomo na sikusema. Tulikwenda kilomita nne ndipo nikaomba nishuke nitapike, na akanisubiri, na nikapanda tena.

Jina la Mkandarasi na namba ya gari nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Fanya utakavyoona inafaa. Mimi nimechoka kuamua.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma nimesimama jikoni. Mama akaita kutoka chumbani niende nimsomee. Nikasema haijafika barua. Akasema, "Nimesikia ukichana bahasha. Mimi nimevunjika nyonga, sikuvunjika masikio."

Nikamsomea yote. Sikuruka neno, hata lile la kuomba nisimsomee. Nilitaka asikie mwanawe ni nani. Nakiri nilikuwa na hamu mbaya ya kuona uso wake, maana miaka yote hii wewe ndiye wa "nakuja karibuni sana", na mimi ndiye wa kulaumiwa asubuhi.

Uso haukubadilika. Aliniomba nimsogezee mto, ule wako. Kisha akasema alijua. Alijua tangu akiwa amelala pale chini, kabla watu hawajafika.

Nilikuandikia kwamba ameinua mkono kama mtu anayesimamisha gari. Nimeitazama picha hiyo siku tisini na nimeisoma vibaya siku zote tisini. Kamera iliona anga kwenye kioo, lakini Mama alikuwa pembeni, na kwa pembeni kioo kilikuwa wazi. Alikuona. Aliniambia hivi, nayaandika kama alivyoyasema:

"Nilimuona ameinamisha kichwa. Nikajua atanipita bila kuniona. Nikampungia mkono, nikasogea hatua mbili ili anione."

Basi. Hizo ndizo hatua mbili.

Baadaye akanishika mkono na kuniambia namba ile nisiiandike. Nikamwambia Mkandarasi ndiye aliyeendesha. Akasema Mkandarasi akishikwa atasema aliyekaa kushoto kwake ni nani, na aliyeshona ni nani. Akasema mguu umekwenda, mtoto asiende pia. Nikamwuliza mimi je, mimi si mtoto? Alijifanya amelala. Anafanya hivyo vizuri sana sasa.

Umeniandikia nifanye nitakavyoona inafaa. Kituo cha polisi kiko upande wa pili wa barabara kutoka gereji yako, nakikumbuka, uliwahi kuwafungia wao wenyewe taa za gari. Ungevuka. Badala ya kuvuka ukanunua stempu. Ulishindwa kulibeba jambo hili, ukalitia kwenye bahasha ukanitumia mimi.

Leo asubuhi niliikunja karatasi yako ya pili ndani ya kiatu nikaenda nayo kazini. Nilifungua picha. Namba ilikuwa kichwani, wala sikuhitaji kuitoa karatasi. Mkandarasi wako anaendesha gari mpaka leo, na mapazia yako mengine kumi na matatu yanashuka na kupanda, na mimi miaka sita nimewalaani wanaoficha namba. Saa sita na nusu, wenzangu wakiwa wameenda kula, nilibonyeza "haisomeki". Namba niliyoisoma vizuri kuliko zote maishani mwangu. Pazia la kumi na tano ni mimi, na hili hukulishona wewe, amelishona Mama.

Anasema uje. Anasema usilete kitu, na kwamba safari hii hatatoka nje kukupokea, atakungoja kitandani. Anacheka akilisema hilo. Mimi siwezi kucheka. Niandikie siku utakayofika ili nibadilishe zamu nisiwepo. Ufunguo utakuwa kwa jirani, na kumgeuza ni kwa watu wawili, kwa hiyo mwite jirani akusaidie.

Mama anakusalimu. Anakusalimu tangu tarehe kumi na moja Machi, saa nne na dakika kumi na mbili. Salamu zangu mimi usizitafute humu.

Dada